Profesa wa saratani mwenye h-indeksi 64, kanukuliwa mara 41,200: hizi namba zinatuambia nini?

#1 Kitindamimba
Wadau, salaam. Naomba wanaojua mambo ya utafiti wanisaidie, mimi ni fundi majokofu tu.

Mama yetu saratani ya titi imemrudia baada ya miaka sita. Ameambiwa kuna jaribio la dawa anaweza kuingia, na anayeliongoza ni profesa fulani ambaye sitamtaja. Kaka yangu hata hakuuliza hiyo dawa inafanya nini. Aliingia Google Scholar, mtandao wa kutafuta makala za kitaaluma, akarudi na karatasi aliyoichapa: makala 318, kanukuliwa mara 41,200, h-indeksi 64. Akaibandika kwenye friji kama ripoti ya mtoto aliyefaulu. "Huyu ni mtu mzito, Mama aingie." Dada naye anasema hizo namba ni kama wafuasi wa mtandaoni, hata mchekeshaji anazo.

Mama kaniachia mimi nichunguze, eti ndiye nisiye na upande. Sasa nauliza: hizo namba zinapima nini hasa? Na mgonjwa zinamhusu nini?

#2 Mpiga Debe
Nimewahi siti ya mbele. Huu uzi utakuwa mrefu.

#3 Mkutubi_Mstaafu
Pole kwa Mama, mwanangu. Nimekaa maktaba ya chuo cha udaktari zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo nianze na hiyo 64, ndiyo inayowachanganya wengi.

Kunukuliwa ni makala yako kutajwa ndani ya makala nyingine. Zipange makala zake zote, iliyonukuliwa sana juu, isiyonukuliwa kabisa chini. Anza kushuka ukihesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila unapokanyaga, tazama imenukuliwa mara ngapi. Ukifika ya 64 ukakuta ina nukuu 64 au zaidi, na ya 65 haijafika 65, simama hapo hapo. Basi. Makala 64 zimenukuliwa angalau mara 64 kila moja, na haisemi zaidi ya hivyo. Yenye nukuu 64 na yenye nukuu elfu kumi zote ni kichwa kimoja kimoja.

Ilibuniwa na daktari mmoja wa Marekani mwaka 2005.

#4 Hesabu Kali
Mzee wangu Mkutubi, maelezo safi, ila Jorge Hirsch si daktari. Ni mwanafizikia, Chuo Kikuu cha California, San Diego, na aliibuni akiwafikiria wanafizikia wenzake. Watu wa tiba waliiazima kama shati la jirani, ndiyo maana haiwakai vizuri.

Hirsch mwenyewe alipendekeza uigawanye kwa idadi ya miaka tangu makala ya kwanza, maana h haijui kushuka. Ukistaafu inapanda, ukifa inaweza kupanda. Kwa hiyo 64 ya mtu wa miaka 15 kazini na 64 ya mtu wa miaka 40 ni vitu viwili. Kitindamimba, makala yake ya kwanza ni ya lini?

#5 Mkutubi_Mstaafu
Nimekubali, Hesabu. Uzee huu.

#6 Jicho la Mwewe
Mnamfundisha hesabu wakati hajaambiwa mchezo wenyewe unavyochezwa. Nukuu zinatengenezwa. Mimi nilipeleka makala kwenye jarida moja, mhakiki wa pili, yaani mtaalamu anayeikagua kabla haijachapishwa, akaandika mistari minne kuhusu kazi yangu na mistari kumi ya "mwandishi angeboresha utangulizi kwa kurejelea kazi zifuatazo". Kazi sita. Zote zina jina moja ndani yake. Nikazinukuu zote sita, nilitaka kuchapishwa. Sasa huyo bwana ana nukuu sita kutoka kwangu, na hadi leo sijazisoma.

#7 Mpiga Debe
Umekiri hadharani kwamba umenukuu usichosoma. Mwewe kanaswa na kifaranga.

#8 Jicho la Mwewe
Na wewe ungefanya hivyo hivyo, kaa kwenye siti yako.

#9 BiDarubini
Tusimhukumu profesa kwa dhambi za mhakiki wa Mwewe. Mimi ni fundi maabara ya uchunguzi wa tishu. Kwa miaka kumi na moja nimekata vipande vya uvimbe kwa maikrotomu, unene wa mikroni nne, kipande kinaelea juu ya maji ya vuguvugu kama ngozi ya maziwa, unakipokea kwa kioo taratibu kisijikunje. Kazi hizo zimeingia kwenye makala nyingi za mabosi wangu. Jina langu liko kwenye shukrani, mwishoni, herufi ndogo.

Mara moja tu niliandika ya kwangu: namna ya kupaka rangi sampuli zilizokaa sana kwenye formalini. Kurasa tatu. Leo imenukuliwa kuliko makala yoyote ya bosi niliyekuwa naye wakati ule. Sikugundua chochote mimi. Watu wanaihitaji tu kwa sababu wakiandika "tulipaka rangi hivi" lazima waseme walijifunza wapi. Kwa hiyo nukuu nyingi maana yake mara nyingine ni "tuliazima sufuria yako", si "chakula chako kilikuwa kitamu".

#10 Mwanafunzi wa Milele
Dada Darubini umenigusa. Lakini makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani si ile ya umbo la DNA, Watson na Crick? Ule si ugunduzi halisi?

#11 BiDarubini
Hapana mdogo wangu. Ni ya Lowry na wenzake ya 1951, njia ya kupima kiasi cha protini. Jarida la Nature lilipotoa orodha ya mia za juu mwaka 2014, Lowry alikuwa amepita nukuu 300,000. Ya pili Laemmli, 1970, ya tatu Bradford, 1976, zote za mbinu za protini. Ya umbo la DNA haimo hata kwenye hiyo mia.

#12 Hesabu Kali
Na humo kwenye mia tumo na sisi wa takwimu: Kaplan na Meier wa 1958, na Cox wa 1972. Fungua makala yoyote ya jaribio la dawa ya saratani, utaona mchoro wa ngazi zinazoshuka, ukionyesha waliobaki hai mwezi baada ya mwezi. Huo ni wa Kaplan na Meier.

Kwenye saratani kuna na kanuni za RECIST, za kupima kama uvimbe umepungua au umekua, toleo la 2000 na marekebisho ya 2009. Kila jaribio la uvimbe linazinukuu, maana bila hizo kila mtu angepima kwa rula yake. Walioandika wana nukuu maelfu kwa maelfu. Kazi muhimu sana, lakini ni rula.

#13 Kitindamimba
Asanteni. Nimeingia mwenyewe kwenye ukurasa wake usiku huu. Nimeona mambo mawili.

Moja, makala ya juu kabisa ina nukuu 17,600. Ni ripoti ya takwimu za saratani za nchi nyingi, na majina ya waandishi nilihesabu nikachoka nilipofika mia tatu. Yeye yuko katikati huko, kama abiria wa basi lililojaa.

Pili, nikapanga kwa mwaka kama Hesabu Kali alivyouliza. Makala ya kwanza ni ya 1959. Inahusu kutu kwenye vyuma vya madaraja.

Profesa kwenye picha ana nywele nyeusi.

#14 Mpiga Debe
1959!!! Huyu alianza utafiti akiwa bado hajatungwa mimba. Mpeni Nobel tu tulale.

#15 Paka Shume
Nimeamka kwa ajili ya hili. Niwape kisa cha ukoo wangu. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington aliandika makala peke yake lakini kwa mazoea akatumia "sisi" kote. Wakati huo ni mashine ya kupiga chapa, kurudia kurasa zote ni adhabu. Akaona heri amwongeze mwandishi wa pili: F.D.C. Willard. Ni paka wake. Ikatoka kwenye Physical Review Letters, na watu wananukuu mpaka leo.

Halafu 2024 wachunguzi wawili, Reese Richardson na Nick Wise, wakamtengenezea paka mwingine, Larry, makala za upuuzi zinazonukuliwa na makala nyingine za upuuzi, wakazipandisha mtandaoni. Google Scholar ikazihesabu zote. Kwa siku chache Larry akawa paka aliyenukuliwa kuliko paka wote duniani, kisha Google ikazifuta nukuu zake. Sisi paka hatujasahau.

#16 Mkutubi_Mstaafu
Paka anachekesha lakini kasema kweli. Kabla ya Larry kulikuwa na "Ike Antkare", mtafiti asiyekuwepo, aliyeundwa 2010 na Mfaransa Cyril Labbé kwa makala zilizotungwa na programu. Alifikia h-indeksi 94. Yaani amempita profesa wa Kitindamimba na hajawahi hata kuzaliwa.

Kuhusu kutu ya madaraja, usikimbilie kusema wizi. Google Scholar hukusanya kwa jina, na wenye herufi za mwanzo zinazofanana huchanganywa. Ndiyo maana 2012 ikaanzishwa ORCID, namba ya kudumu ya kila mtafiti, ila aliyeanza kazi kabla ya hapo lazima apange nyumba yake mwenyewe, na wengi hawapangi. Mtafute pia kwenye Scopus, hazina nyingine ya makala. Kule h huwa ndogo kwa sababu wanachagua majarida. Google Scholar inaokota hadi tasnifu na makala ambazo hazijahakikiwa.

#17 Jicho la Mwewe
"Wengi hawapangi", sawa. Lakini ukifungua ukurasa wako unaona ya kwanza ni ya 1959 na unaiacha? Mtu anayeona elfu moja ya ziada kwenye mshahara haulizi.

#18 NesiWaZamu
Mimi nafanya wodi yenye majaribio ya dawa. Niseme kwa upande wa kitandani. Profesa mwenye jina kubwa mgonjwa anamwona mara moja, siku ya kusaini, pengine hata siku hiyo hamwoni. Anayepiga simu kuuliza kama umetapika usiku ni mratibu wa jaribio. Anayegundua kwamba chembe nyeupe zimeshuka ni daktari kijana ambaye h yake labda ni 3.

Nimewahi kufanya kazi chini ya mkubwa mwenye makala mia kadhaa, wagonjwa wakilalamika ganzi ya vidole anasema "iandikeni". Na nimefanya na mwingine asiye na makala ya maana, anakaa kitandani kwa mgonjwa anamwambia afunge na kufungua vifungo vya shati aone vidole vinavyofanya kazi. Wote wawili wanajua saratani. Google Scholar haina safu ya vifungo vya shati.

#19 Kitindamimba
Nesi, Mama nimemsomea post yako. Kasema "huyo ndiye nimuulize".

#20 Hesabu Kali
Kwa heshima zote Nesi, hilo haliondoi haja ya kupima. Huyo wa vifungo akitibu kwa dawa isiyofanya kazi, upole wake haupunguzi uvimbe. Tunahitaji wanaogundua dawa, na kazi yao inaonekana kwenye machapisho kabla ya kuonekana wodini. Makala ya Allison na wenzake ya 1996 kuhusu CTLA-4, protini inayofunga breki seli za kinga, kwenye panya, kila aliyekuja kufanya tiba ya kinga alipitia hapo. Nobel ikaja 2018. Nukuu zilitangulia.

#21 Mzee Kobe
Zilitangulia kwa Allison. Peyton Rous je? 1911 alichukua uvimbe wa kuku, akausaga, akauchuja kwa chujio lisilopitisha seli wala bakteria, maji yaliyopita akawachoma kuku wengine, nao wakapata saratani. Yaani kuna kirusi. Wenzake wakaona ni mambo ya kuku tu. Alisubiri miaka 40 kupata Nobel. Ungempima kwa h-indeksi mwaka 1920 ungemfukuza kazi.

#22 Mwanafunzi wa Milele
Mzee Kobe shikamoo. Nobel ya Rous ilikuwa 1966, ni miaka 55, akiwa na miaka 87.

#23 Mzee Kobe
Marahaba. Umenizidishia hoja, endelea.

Mwingine, Burkitt. Daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, 1958 akaandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Jarida la upasuaji, nani wa virusi angelisoma? 1961 akatoa mhadhara London, na kati ya waliokaa kusikiliza ni Anthony Epstein, mtu wa virusi vya kuku, hao hao wa Rous. Akaomba sampuli. 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kwenye jarida la Lancet. Mkononi mwa Epstein kilichofika ni sauti ya mtu ukumbini, na hakuna mashine inayohesabu hilo.

#24 Hesabu Kali
Mzee, kwa kila Rous mmoja aliyepuuzwa kwa makosa kuna elfu waliopuuzwa kwa haki. Huwakumbuki kwa sababu walistahili kusahauliwa.

#25 Mzee Kobe
Hilo nalo ni kweli, na limeniudhi.

#26 Jicho la Mwewe
Turudi kwa mgonjwa. Mmesahau kashfa ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani? Mwaka 2006 Anil Potti na wenzake walitoa kwenye Nature Medicine makala ya kutabiri dawa ipi ya saratani itamfaa nani kwa kusoma jeni za uvimbe. Ikanukuliwa zaidi ya mara mia mbili. Watu walishangilia, wagonjwa wakaanza kuingizwa kwenye majaribio yaliyojengwa juu yake.

Watakwimu wawili wa MD Anderson, kituo cha saratani cha Texas, Baggerly na Coombes, wakaomba data wakarudia hesabu. Wakakuta orodha ya jeni imesogea mstari mmoja. MSTARI MMOJA kwenye jedwali, kila jina limekaa kwenye namba ya jirani yake. Na kwingine lebo zimegeuzwa, zinazosikia dawa zimeitwa sugu na sugu zimeitwa zinazosikia. Maana yake mgonjwa angeweza kupewa ile isiyomfaa. Walipiga kelele miaka. Majaribio yakasimamishwa kabisa 2010, na tena baada ya kugundulika wasifu wake una tuzo ambayo hakuipata. Makala ikabatilishwa 2011. 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ikathibitisha data za uongo.

Muda wote huo nukuu zilikuwa zinapanda. Kitindamimba, mwonyeshe kaka yako.

#27 Kitindamimba
Nimemwonyesha. Kasema "huyo ni mmoja". Dada kasema "na waliogundua ni wawili tu". Nyumba hii.

#28 BiDarubini
Na kuna ya udanganyifu na ya bahati mbaya. Seli za maabara ziitwazo MDA-MB-435 zimetumika miaka na miaka kama saratani ya titi. Vipimo vya jeni vikaonyesha ni za melanoma, saratani ya ngozi, za ukoo wa seli uitwao M14. Mamia ya makala za titi juu ya seli zisizo za titi, na makala hizo zinanukuliana. Hakuna aliyedanganya. Chupa ilikosewa zamani, basi.

#29 Hesabu Kali
Niongeze chumvi kwenye kidonda changu mwenyewe. 2012 Begley na Ellis walieleza kwamba kampuni ya Amgen ilijaribu kurudia tafiti 53 za saratani zilizohesabiwa kuwa kubwa. Zilizokubali ni 6. Halafu mradi mwingine wa kurudia baiolojia ya saratani, uliomaliza 2021, ulipanga majaribio 193 ya maabara kutoka makala 53 ukaweza kumaliza 50 kutoka makala 23, kwa sababu maelezo kwenye makala hayakutosha kurudia. Yaliyorudiwa, ukubwa wa matokeo kwa kawaida ulishuka kwa asilimia 85.

Lakini hiyo ni maabara, seli na panya. Jaribio la wagonjwa lina sheria nyingine. Msichanganye.

#30 Mkutubi_Mstaafu
Labbé yule yule wa Ike Antkare baadaye alishirikiana na Jennifer Byrne wa Sydney. Huyu mama ni mtafiti wa saratani. Mwaka 2015 alikuta makala kadhaa kuhusu jeni ambalo yeye mwenyewe alishiriki kuligundua, na mfuatano wa herufi za DNA waliodai kutumia haulingani na kazi waliyodai kuifanya. Zinafanana mno, kama zimetoka kiwanda kimoja. Wakatengeneza programu ya kuwanasa wengine. Leo tunasema viwanda vya makala, vinauza uandishi kama fulana. Mwaka 2023 duniani zilibatilishwa makala zaidi ya 10,000, zaidi ya 8,000 kati yake ni za mchapishaji mmoja, Hindawi.

Byrne angetumia muda huo kuandika makala zake angekuwa na h kubwa zaidi.

#31 Mwanafunzi wa Milele
Mimi msimamizi wangu wa uzamivu ana h ya 80 na kitu. Tulionana mara tatu mwaka jana, moja ilikuwa kwenye lifti. Makala yangu jina lake la mwisho, ndiyo nafasi ya mwenye maabara. Kwa hiyo mkiona makala zinaongezeka jueni kuna watoto chini wanabeba zege. Ila niseme ukweli, bila jina lake jarida lisingenifungulia mlango. Nalalamika huku nakula.

#32 Paka Shume
Alisemaje kwenye lifti?

#33 Mwanafunzi wa Milele
"Ghorofa ya ngapi?"

#34 Mpiga Debe
😂😂 Huo ndio usimamizi wa karibu.

#35 Hesabu Kali
Kitindamimba, tufanye kazi. Toa ile ripoti ya umati. Toa za madaraja. Kisha hesabu zile ambazo jina lake ni la kwanza, nafasi ya aliyefanya kazi, au la mwisho, ya mwenye maabara. Na angalia anajinukuu kiasi gani. Ioannidis wa Stanford na wenzake walipochambua watafiti wanaonukuliwa sana mwaka 2019 walikuta wa katikati anajinukuu karibu asilimia 13, kwa hiyo kujinukuu si jinai, ila wapo mia kadhaa waliozidi nusu wakihesabiwa pamoja na waandishi wenzao.

#36 Kitindamimba
Nimekesha. Nilitumia daftari la kazini lenye mistari ya hesabu.

Za madaraja na chuma ni 23, kuanzia 1959 hadi 1978. Jumla ya nukuu zake 410, hakuna hata moja iliyofika 64. Nikitoa hizo, h haitikisiki. Nikitoa ile ya umati, nukuu zinaanguka kutoka 41,200 hadi 23,190, lakini h inashuka moja tu, 63. Kati ya hizo 63, yeye ni wa kwanza au wa mwisho kwenye 22. Ya kwanza ya saratani ni ya 1994. Scopus inampa 49. Kujinukuu nimeshindwa kuhesabu.

#37 Hesabu Kali
Fundi majokofu amewazidi wajumbe wa kamati nyingi za ajira nilizokaa nazo. Umeona? Jumla ni nyonge, inaangushwa na makala moja. h ni ngumu, haisukumwi kwa makala moja wala kwa takataka 23.

Hizo 22 kwa miaka 30 ni za mtu anayefanya kazi kweli.

#38 Jicho la Mwewe
Au mwenye maabara yenye vijana wengi wa lifti. Nafasi ya mwisho, kumbuka.

#39 BiDarubini
Au mwenye bahati ya kuchagua titi. Titi lina watafiti wengi, kwa hiyo wa kunukuu ni wengi. Mwenzake wa saratani adimu za watoto anaweza kuwa mkali kuliko yeye na akaishia h 25. Kuna vipimo vinavyolinganisha mtu na wa fani yake. Taasisi za afya za Marekani zina kimoja cha tangu 2016, kinalinganisha makala na majirani zake. Ila navyo vina kasoro zake, tutakesha tena.

#40 NesiWaZamu
Mtakesha mpaka mama wa watu apone bila nyinyi. Kitindamimba, acha h. Nenda kwenye rejista ya majaribio, ClinicalTrials.gov. Ipo tangu 2000, na tangu 2005 majarida makubwa yanakataa jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Tafuta jina lake. Hesabu majaribio aliyomaliza, kisha tazama mangapi yameweka matokeo, hasa yale ambayo dawa ilishindwa. Sheria ya Marekani ya 2007 inadai kwa majaribio mengi matokeo yaingizwe ndani ya mwaka mmoja baada ya kipimo kikuu kukamilika. Anayeficha jaribio lililoshindwa ndiye wa kumwogopa, hata awe na h ya Ike Antkare.

#41 Kitindamimba
Nimeangalia, Nesi. Yaliyokwisha ni saba. Matano yana matokeo, na mawili kati ya hayo dawa ilishindwa na imeandikwa wazi. Mawili hayana kitu. Moja lilikwisha miaka minne iliyopita.

Nimemwandikia barua pepe. Nimeuliza mambo mawili: hayo majaribio mawili yaliishia wapi, na hizo makala za madaraja ni za nani.

#42 Mpiga Debe
Fundi majokofu anamhoji profesa. Hatajibu huyo.

#43 Mzee Kobe
Atajibu moja.

#44 Kitindamimba
Amejibu, jioni ile ile. Mistari michache.

Anasema za madaraja ni za marehemu baba yake, alikuwa mhandisi, wana herufi moja na ukoo mmoja. Mtandao uliziingiza wenyewe alipofungua ukurasa na yeye hakuzitoa. Ameandika: "Sikuwa na moyo."

Kuhusu majaribio mawili kasema swali hilo nilipeleke ofisi ya utafiti, na ameweka anwani yao.

#45 BiDarubini
Jamani. Baba yake.

#46 Jicho la Mwewe
Mmeona alivyofanya? La baba kajibu mwenyewe, la wagonjwa kapeleka ofisini.

#47 NesiWaZamu
Mwewe, huenda jaribio bado lina mdhamini anayezuia, mara nyingi data si ya profesa. Huenda pia anakwepa. Sijui wala wewe hujui. Kitindamimba, waandikie ofisi kesho, uwape namba ya usajili wa jaribio, usitaje jina la profesa pekee.

#48 Mkutubi_Mstaafu
Kikazi angepaswa kuzitoa. Nikiwa bado kazini ningemwandikia. Leo nimestaafu.

#49 Kitindamimba
Nimeshawaandikia ofisi, nasubiri. Miadi ya Mama ni Jumanne. Kaka ametoa ile karatasi kwenye friji, Mama kairudisha, ila amechora mstari wa kalamu kwenye 41,200 na kuandika pembeni 23,190. Kwenye za madaraja ameandika "baba".

#50 Paka Shume
Jumanne usisahau kutuletea habari. Na muulize profesa kama anafuga paka.